Sahani Yetu Baada ya Kupimwa Sukari

Leo tunataka kuzungumza juu ya karatasi ndogo ambayo watu wengi katika makanisa yetu wamepewa, wakaikunja mara nne na kuitia mfukoni bila kumwonyesha mtu. Ni karatasi ya kupimwa sukari. Siku hizi makanisa mengi huwa na siku ya kupima afya baada ya ibada, na watu hupanga foleni kwa furaha mpaka zamu yao ifike. Mwuguzi hutazama nambari na kusema, "Mama, bado hujapata kisukari, lakini sukari yako imepanda. Uangalie chakula chako." Kisha humwita anayefuata.

Basi mama huyo hurudi nyumbani na maneno matatu tu: uangalie chakula chako. Aangalie nini? Wengine hula kabeji tupu kwa juma moja, wakachoka, wakarudia mambo yao ya zamani kwa nguvu zaidi. Wengine husema, "Mradi sijaambiwa kwamba ni mgonjwa, mimi ni mzima." Hatuwalaumu. Hawakuelezwa vya kutosha, na ndiyo sababu tumelichagua jambo hili.

Tuanze na hizo nambari. Damu ikipimwa asubuhi kabla ya mtu kula, na sukari ikawa 7.0 au zaidi kwa kipimo cha milimoli kwa lita, na kipimo kikirudiwa siku nyingine kikawa vivyo hivyo, huo ni kisukari. Shirika la Afya Duniani husema kwamba kuanzia 6.1 hadi 6.9 ni hali ya katikati, yaani hali ya kuelekea kisukari. Madaktari wa Marekani huanza kuihesabu mapema zaidi, tangu 5.6. Kipo pia kipimo kiitwacho HbA1c ambacho hakihitaji mtu kukaa na njaa, nacho huonyesha jinsi sukari ilivyokuwa kwa wastani katika miezi miwili au mitatu iliyopita. Hapo Wamarekani huhesabu asilimia 5.7 hadi 6.4 kuwa hali ya katikati, na 6.5 kwenda juu kuwa kisukari. Kwa kawaida hali hii ya katikati haina maumivu wala dalili. Mtu hulima, huimba kwaya, hubeba gunia, wala hajui. Asipopimwa, hawezi kujua.

Ni nini kinachotendeka ndani? Ugali, wali, mkate, viazi na vyakula vyote vya wanga hugeuka kuwa sukari katika damu. Hilo si kosa, kwa maana sukari hiyo ndiyo nguvu yetu. Kongosho, kiungo kidogo kilicho nyuma ya tumbo la chakula, hutoa kitu kiitwacho insulini, na insulini ni kama mtu anayefungua mlango ili sukari itoke katika damu na kuingia katika misuli. Mwili ukiwa na mafuta mengi, hasa kiunoni, na misuli ikikaa bila kazi, mlango huwa mzito. Kongosho hutoa insulini zaidi na zaidi kuusukuma. Huweza kufanya hivyo kwa miaka kadhaa, kisha huanza kushindwa. Karatasi ile ya mfukoni inasema kwamba kongosho limeanza kulemewa, wala halijaanguka. Basi kazi yetu ni kulipunguzia mzigo.

Je, mzigo huo hupunguzika kweli, ama ni maneno ya kuliwaza tu? Hapa tuna ushahidi mzuri. Katika mji wa Daqing huko China, mwaka 1986, madaktari waliwachukua watu 577 waliokuwa na hali hii, wakawafundisha wengi wao habari za chakula na mazoezi kwa miaka sita. Waliofundishwa walipata kisukari kwa uchache kuliko wale walioachwa waendelee kama kawaida, na watu hao walipofuatiliwa kwa miaka 30, faida ilikuwa ingali inaonekana. Huko Marekani, uchunguzi wa watu 3,234 uliotangazwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba waliobadilisha chakula na kutembea walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini walipunguza kwa asilimia 31. Hatusemi kwamba vidonge havina kazi, kwani daktari anaweza kuona kwamba vinamfaa mtu fulani. Tunasema tu kwamba sahani na miguu vilivishinda vidonge.

Na watu hao waliombwa kufanya nini? Walitakiwa kupunguza uzito kwa asilimia saba, na kutembea kwa bidii dakika 150 kwa juma. Mtu wa kilo 80 alitakiwa kupunguza kilo tano na nusu hivi. Siyo kwamba alitakiwa kukonda mpaka majirani wamwulize kuna nini. Jambo hili twalitaja kwa sababu katika jamii zetu kitambi kimehesabiwa kuwa ni dalili ya baraka, na mtu akipungua kidogo maneno huanza kunong'onwa hata pale nje ya kanisa. Tukimwona ndugu yetu amepungua, yafaa tumwulize habari zake kwa upole, ama tunyamaze.

Sasa tuingie jikoni, na tuanze na chai, maana kwa maoni yetu hapo ndipo penye faida kubwa na gharama ndogo. Katika nyumba nyingi za Kenya sukari haitiwi kikombeni. Hutiwa sufuriani pamoja na maji, maziwa na majani, na anayepika ndiye anayewaamulia wote utamu. Hebu tuhesabu. Kijiko kidogo cha sukari kilichosawazishwa kina gramu nne hivi. Mtu anywaye vikombe vinne kwa siku, na kila kikombe kina vijiko vitatu, amekula vijiko 12, yaani karibu gramu 50. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya namna hii isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayoipata katika chakula cha siku, nayo kwa mtu mzima ni karibu hizo gramu 50. Tena lilisema kwamba ingefaa zaidi ikiwa nusu ya hapo, vijiko sita tu. Kwa hiyo mtu huyu amemaliza kipimo chake chote katika chai peke yake. Uji wa saa nne, mandazi, na soda ya wageni bado havijahesabiwa.

Njia iliyo rahisi ni kuchemsha chai bila sukari na kuweka bakuli la sukari mezani pamoja na kijiko kidogo. Kila mtu ajitilie. Aliyezoea vijiko vitatu atie viwili kwa majuma mawili, kisha kimoja, na baadaye pengine ataona kwamba hakihitaji tena. Ulimi hufundishika, ila haupendi kufundishwa kwa siku moja. Wengine huuliza kama asali au sukari guru si bora. Vyote hivyo ni sukari, na mwili huvipokea kama sukari. Wengine huacha soda wakanywa maji ya matunda au ya miwa, wakidhani wamefanya vyema. Ni afadhali kula chungwa moja zima, na nyuzinyuzi zake, kuliko kukamua machungwa manne katika bilauri moja.

Na kama mtu atasema kwamba chai tamu ni desturi yetu ya tangu zamani, tutamjibu kwa adabu kwamba chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1903, huko Limuru. Mababu waliotangulia walipokea wageni bila hiyo, na hatusikii kwamba wageni walilalamika.

Kutoka kwenye kikombe tufike kwenye sahani. Sahani ya kawaida katika nyumba zetu ina mlima wa ugali na mboga kidogo pembeni ya kuuteremshia. Hatusemi ugali uondoke. Tunasema vitu hivi viwili vibadilishane nafasi. Nusu ya sahani iwe mboga: sukuma wiki, kabeji, mnavu, mchicha, kunde, mrenda, au chochote kipatikanacho shambani. Robo moja iwe maharagwe, ndengu, samaki, omena, yai au nyama. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, nayo iwe kama ngumi ya mwenye kula. Anayekula kwa mkono atatuuliza, na ni swali la haki, mboga nyingi hivyo zitashikwa na nini ikiwa tonge zimepungua? Tonge ziwe ndogo, na kila tonge ichote zaidi. Mboga zikibaki, kijiko kipo.

Hapa kuna kosa linalofanywa hata na watu wenye bidii. Viazi, nduma, mihogo, ndizi za kupika na mahindi mabichi si mboga katika hesabu hii. Vyote ni wanga, navyo vimo katika ile robo ya ugali. Tazameni sahani ya arusi zetu: wali wa pilau, juu yake chapati, kando yake mukimo, na viazi katika mchuzi. Hiyo ni wanga mara nne. Kachumbari iko kijiko kimoja, kana kwamba imewekwa kwa ajili ya picha. Mtu mwenye hali hii achague kimoja kati ya hivyo vinne, kile akipendacho zaidi, akifurahie pamoja na nyama yake na kachumbari tele, na aviache vile vitatu. Tunaona hilo ni jepesi kuliko kukaa arusini bila kula.

Githeri ni chakula chema sana kwa jambo hili, ikiwa maharagwe yamezidi mahindi. Mara nyingi tunapika kinyume chake, kwa sababu mahindi ni rahisi kupatikana. Maharagwe, kunde, njahi na ndengu huingiza sukari katika damu polepole, tena hushibisha kwa muda mrefu. Hali kadhalika unga. Unga mweupe uliokobolewa hugeuka kuwa sukari upesi, na umepoteza maganda yenye faida. Unga uliosagwa na maganda yake kinuni kwa jirani ni bora, na ukichanganywa na wimbi au mtama huwa na ladha ambayo wazee wataikumbuka. Mahindi yenyewe yaliletwa pwani yetu na Wareno kutoka Amerika, na huku bara yakaenea sana katika karne ya 20. Kabla ya hapo watu walikula wimbi, mtama na uwele. Lakini tuangalie tusidanganyike: ugali wa wimbi nao ni wanga, na mlima wa wimbi ungali ni mlima. Na uji wa wimbi uliotiwa vijiko vinne vya sukari umekwisha kupoteza sifa yake.

Mafuta nayo yana neno lake. Chipsi, mandazi na chapati zilizojaa mafuta huongeza uzito, na uzito ndio unaoufanya ule mlango kuwa mzito. Chapati moja Jumapili si dhambi. Chapati mbili na chai tamu kila asubuhi ni jambo jingine. Yai la kuchemsha, kipande cha nduma, na chai isiyo na sukari vitamfikisha mtu saa sita bila kutafuta kitu cha kutafuna njiani. Na baada ya chakula cha jioni, badala ya kuketi mara moja, mtu atembee dakika kumi au kumi na tano, hata kama ni kuzunguka boma na kuangalia kama kuku wamefungiwa. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka katika damu.

Yote haya tumeyasema kana kwamba mtu hula peke yake, na sivyo ilivyo. Huyu mama mwenye karatasi mfukoni ndiye apikaye. Siku ya kwanza atakapoweka mbele ya mume wake ugali ulio nusu ya ule wa jana, atasikia, "Mama watoto, leo kuna mgeni aliyekula chakula changu?" Ikiwa ameificha karatasi, hatakuwa na jibu, na kesho mlima utarudi. Na ikiwa ni baba aliyepimwa naye hakusema, mke wake ataendelea kumpakulia kwa upendo, na upendo huo ndio utakaomdhuru. Ndiyo maana tunaona kwamba hatua ya kwanza kabisa, hata kabla ya chai, ni kuitoa karatasi ile mfukoni na kuiweka mezani.

Tena hakuna haja ya kupika sufuria mbili. Mboga, maharagwe na chai isiyo na sukari ya sufuriani huwafaa watu wote wa nyumba, pamoja na watoto. Mtoto anayekua aongezewe ugali na maziwa kadiri ya njaa yake, asipunguziwe chakula kwa sababu ya karatasi ya mama. Lakini hakupungukiwa na kitu akikosa soda. Na kwa kuwa kisukari cha namna hii hufuata ukoo, ndugu wa mtu huyu, waliozaliwa naye tumbo moja, yafaa wapimwe pia. Mama aliyewahi kuambiwa sukari imepanda wakati wa mimba asingoje dalili.

Ugumu mwingine uko kwa wageni na kanisani. Kwetu kukataa kikombe cha chai ni karibu kumkataa mwenye nyumba. Mtu hupita nyumba tatu katika matembezi ya Jumapili, na katika kila nyumba hunywa vikombe viwili vilivyokwisha kutiwa sukari. Wengi wetu tumeisikia sana habari ya Danieli na wenzake kule Babeli, jinsi walivyoomba wapewe nafaka na maji badala ya chakula cha mfalme. Jambo tunalolipita upesi ni adabu yake. Danieli hakukidharau chakula cha mwenyeji wala hakuwahubiria waliokuwa mezani. Alimwomba msimamizi kwa heshima, tena akaomba majaribio ya siku kumi tu. Nasi twaweza kusema, "Mama, asante sana. Daktari amenizuia sukari kwa sasa. Nipe ya maziwa matupu, nitakunywa kwa furaha." Tumeona mara nyingi kwamba mwenye nyumba hujibu, "Hata mimi niliambiwa hivyo," na hapo karatasi ya pili hutoka mfukoni.

Akina mama wanaotayarisha chai baada ya ibada, twawaomba jambo moja dogo. Wekeni chupa moja ya chai isiyo na sukari, mkaifunge utepe ijulikane, na iwekwe pamoja na zile nyingine, isifichwe jikoni mpaka mtu aiombe kwa sauti mbele ya watu. Penye mkate na mandazi, kuwe na ndizi au njugu karanga. Harambee haitapungua kwa hilo.

Watu wengine wametuuliza juu ya kufunga. Mtu mwenye hali ya katikati asiyetumia dawa yoyote kwa kawaida anaweza kufunga, lakini angalie anavyofungua. Kufunga mchana kutwa, kisha kula mlima na vikombe vitatu vya chai tamu, kunalirudishia kongosho mzigo wote kwa saa moja. Aliye na kisukari na anayetumia insulini au vidonge asifunge kabla ya kumwuliza daktari, kwa kuwa sukari yake inaweza kushuka ghafla akazimia. Mchungaji wake na alijue hilo, asimhesabu kuwa mlegevu. Wale wanaouza chupa za majani sokoni na kuahidi kuponya sukari kwa siku saba, tunashauri fedha hizo zinunue maharagwe. Na aliyeombewa akaamini, arudi kupimwa kama wengine. Sala na kipimo havina ugomvi.

Siku kumi zilimtosha Danieli, lakini kipimo cha HbA1c hakiwezi kuonyesha mabadiliko upesi hivyo. Chembe nyekundu za damu huishi karibu miezi minne, nazo hubeba kumbukumbu ya sukari ya siku zake zote. Kwa hiyo yafaa kurudia kipimo hicho baada ya miezi mitatu hivi, ama kama daktari atakavyoagiza, na baadaye angalau mara moja kwa mwaka. Nambari ikishuka, endelea na sahani ile ile, maana ukirudia mlima nayo itapanda. Isiposhuka, usikate tamaa wala usiifiche tena karatasi. Ipeleke kwa daktari, mzungumze juu ya dawa. Na mtu akiona kiu isiyokwisha, kukojoa mara nyingi hata usiku, kukonda bila sababu, macho kuwa na ukungu, au kidonda kisichopona, asingoje hiyo miezi mitatu. Aende hospitali siku hiyo hiyo.